Michoro Kumi na Mmoja ya Fahali Mmoja

Punda wa kwanza niliyemchora kwa rangi alitoka fisi. Sisemi kwamba ukimtazama kwa upande alifanana kidogo na fisi. Alitoka fisi mzima: mgongo umeshuka nyuma, masikio ya duara, mdomo unaocheka. Bibi niliyepanga chumba kwake, ambaye ndiye mwenye punda, alikuja kumwona mnyama wake ukutani. Akajifunga khanga upya kiunoni, akatazama, kisha akainama akashika magoti na kucheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mwanangu," akasema alipopata pumzi, "huyu akija nyumbani leo, mbuzi wote nawalaza chumbani kwako."

Na mimi nikacheka, ingawa ningestahili kulia. Nilikuwa na miaka ishirini na mwaka ule kila kitu kilinichekesha. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu miezi michache tu, nikapangiwa Sindeni, katika kijiji ambacho nyumba zake nyingi zilikuwa bado zinanuka udongo mbichi, kwa sababu watu walikuwa wamehamia pamoja juzijuzi kutoka vitongoji vyao. Mimi ni mtoto wa Mpale, milimani, ambako ukinyoosha mkono unagusa mgomba wa jirani. Kule Sindeni anga lilikuwa kubwa kupita kiasi. Wiki ya kwanza nilitembea nikiwa nimeinua uso kama mtu anayetafuta tundu kwenye paa.

Asubuhi nilifundisha watoto. Saa tisa alasiri nilifundisha wazazi wao na babu zao, kwa kuwa ndiyo miaka ile nchi nzima ilipokuwa inajifunza kusoma. Wanakisomo wangu walikuwa arobaini hivi, wengi wao akina mama wa Kizigua waliotoka shambani na jembe begani, na bibi yangu mwenye nyumba akiwa mstari wa mbele kabisa, hasikii vizuri lakini anajibu kila swali.

Ukuta lilikuwa wazo la mwalimu mkuu. Darasa letu lilipakana na njia ya kwenda kisimani, na ukuta ule wa nje ulikuwa mrefu, umepakwa chokaa, hauna kazi. Akaniita ofisini. Alikuwa ameona kwenye karatasi zangu kwamba chuoni nilipata alama nzuri za sanaa.

"Ndugu Mwalimu," akasema, "nataka wanyama wa kijiji hiki wakae pale, kila mmoja na jina lake chini kwa herufi kubwa. Mtu akienda kuchota maji asome, akirudi asome tena. Ukuta ni wako."

Ukuta ni wako! Nilitoka ofisini nikiwa natembea kawaida, nikapita kona, halafu nikaruka. Rangi tulizokuwa nazo ni makopo manne yaliyobaki zahanati ilipopakwa: nyeusi, nyeupe, nyekundu ya udongo na manjano. Hakuna aliyejua mengine yangepatikana lini. Mtu mwenye akili angekaa chini akafikiri. Mimi nilifungua kopo la nyeusi siku ileile, nikachora mstari wa punda kwa mkaa kwa dakika mbili, nikaanza kupaka. Kufika jioni nusu ya kopo ilikuwa imekwisha na fisi alikuwa amesimama ukutani.

Mwalimu mkuu alikuja kumtazama asubuhi. Hakunigombeza. Alikohoa, akazunguka upande wa pili, akarudi. "Basi andika FISI chini yake," akasema, "tuendelee."

Kisha akaniambia kwamba yuko fundi wa mabango Korogwe, pale Manundu, ambaye ameandika mbao za maduka karibu zote za mji. Kama nilitaka kujifunza, niende Jumamosi.

Nilikwenda na basi la asubuhi. Fundi nilimkuta kwenye kibaraza alichogawana na fundi cherehani, suruali yake imekauka kwa rangi za miaka mingi hadi inasimama yenyewe. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye maneno mengi, na alipokuwa kimya alipiga mluzi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Unataka bango la nini?"

"Nataka kujifunza kuchora punda."

Akaacha mluzi. Nikamweleza habari yote, na nilipofika kwenye fisi akashika tumbo. Alipotulia akauliza, "Kabla ya rangi, ulimchora kwa penseli?"

"Nilichora mstari kwa mkaa."

"Mstari!" Akamgeukia mwenzake wa cherehani. "Umesikia? Mwalimu kachora mstari!" Akanigeukia tena. "Mstari ni ua wa nyumba. Punda yuko ndani ya ua, hujamwona bado. Kaa hapo."

Akaingia ndani, akatoka na yai moja, karatasi, na penseli tatu alizochonga kwa wembe hadi zikawa na ncha kama sindano. Moja ilikuwa ngumu, ikiacha alama nyepesi ya kijivu. Ya pili ya kawaida, ile ya shuleni. Ya tatu ilikuwa laini kama sabuni, ukiigusisha tu karatasi inatoa weusi wa masizi. Akaweka yai juu ya meza, jua likilipiga upande mmoja.

"Chora yai. Marufuku kuchora mstari. Tia vivuli tu."

Nilichora yai kuanzia saa tatu hadi saa sita. La kwanza lilikuwa sarafu. La pili lilikuwa kiazi. Fundi alinionyesha kwamba pale jua linapogonga unaiacha karatasi ilivyo, huigusi, kisha unashuka ngazi kwa ngazi: kijivu cha mbali, kijivu cha kati, kijivu kizito, hadi weusi. Na chini kabisa, ukingoni mwa yai, akanionyesha kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukiona maishani mwangu mwote nikila mayai: mwanga mwembamba uliorudi kutoka mezani, ukilibusu yai kwa chini.

"Fumba macho nusu," akasema. "Ukiyafungua yote unaona manyoya, unaona kope, unachanganyikiwa. Ukiyafumba nusu unaona mwanga na giza tu. Hivyo ndivyo vya kuchora."

Nikafumba nusu. Na yai likatokeza. Siwezi kulieleza vingine. Lilikuwa limelala bapa kwenye karatasi, nikaongeza kivuli kidogo chini yake kwa ile penseli laini, mara likainuka likawa la duara, unaweza kulishika. Nilipiga ukelele hadi mteja wa fundi cherehani akajidunga pini. Fundi alifurahi kuliko mimi. Alilikaanga yai lenyewe tukagawana na mkate, na wakati wa kula akanipa sharti lake.

"Penseli inafutika. Rangi haifutiki, na siku hizi haipatikani. Kwa hiyo ugomvi wako na mnyama umalizie kwenye karatasi. Niletee michoro kumi ya mnyama mmoja, imetiwa vivuli kamili. Nikiitazama nikamjua mnyama yule kama nimekaa naye nyumba moja, nitakupa kopo langu la nyeusi."

Akaniachia zile penseli. Niliporudi kwenye basi nilikuwa kama nimelewa. Nilifumba macho nusu na kutazama kila kitu: milima upande wa Lushoto ikawa ngazi tatu za kijivu, mkonge ukawa mistari ya giza, gunia la mahindi likawa zuri ajabu. Nikamtazama mzee mmoja mwenye kofia aliyekaa ng'ambo ya kiti changu, nikamtazama, nikamtazama.

"Binti," akasema hatimaye, "mbona unanikonyeza?"

"Samahani mzee, shikamoo. Natazama kivuli cha pua yako."

Akahama kiti.

Jumatatu nilifanya kosa la kuwaambia wanakisomo kwamba nitachora upya, na kwamba safari hii nitachora wanyama halisi, kila mmoja kwa sura yake mwenyewe. Jumanne alasiri nilipofika, darasa lilikuwa mnada. Mbuzi saba walikuwa wamefungwa kwenye madawati. Mama mmoja alikuwa na bata ndani ya kikapu. Jogoo wawili walikuwa wanapigana juu ya meza yangu na wenye jogoo wanagombana chini yake. Bibi yangu alikuwa amemleta punda mpaka mlangoni, na punda alikataa kuingia na kukataa kutoka.

"Mwalimu, mbuzi wangu ana ndevu!"

"Huyo ana upele, usimsikilize!"

Ilibidi mwenyekiti wa kijiji aitwe. Alikuja na kalamu yake mfukoni, akatuliza watu, akaendesha kikao palepale. Jogoo alipitishwa. Mbuzi alipitishwa baada ya kura mbili. Punda hakuwa na mpinzani. Ugumu ulikuja kwenye ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe ndiye angekaa katikati ya ukuta, mkubwa kuliko wote, na kila mwenye ng'ombe aliona wa kwake ndiye.

Ndipo aliposimama mama mmoja aliyekuwa akikaa nyuma kabisa. Alikuwa wa jamii ya wafugaji wa Kimasai waliokuwa na boma lao uwandani, mwendo wa saa nzima kutoka kijijini. Alikuja kisomo mara mbili kwa wiki, shanga zake zikilia taratibu alipokaa, na tangu aanze nilikuwa sijamsikia akisema zaidi ya "nipo".

"Fahali ninaye," akasema. Akakaa.

Kesho yake alimleta. Walitembea wote wawili katikati ya njia, yeye mbele na fimbo yake nyembamba, fahali nyuma, na mabishano yakafa yenyewe. Alikuwa wa rangi ya moshi, mweusi kwenye shingo na nundu, mweupe karibu na tumbo, pembe zimepinda kwa juu kama mikono ya mtu anayejinyoosha asubuhi. Mwenyekiti aliuliza kama kuna pingamizi. Hakukuwa na pingamizi.

Shule ilipofungwa nilianza kwenda bomani kila asubuhi, daftari kubwa kwapani na penseli zangu tatu kichwani, zimechomekwa kwenye nywele. Mama yule nilijifunza kumsalimu kwa kwao. "Takwenya, yeyo," ningesema, yaani shikamoo, mama, na yeye angejibu, "Iko," akicheka namna nilivyoitamka.

Sasa niseme ukweli: nilikuwa namwogopa sana fahali. Milimani kwetu ng'ombe ni mdogo, amefungwa, unamletea majani. Huyu alikuwa hajafungwa na chochote. Mchoro wa kwanza niliuchora nikiwa nyuma ya mti wa miiba, mbali kiasi kwamba alitoka ukubwa wa panzi. Wa pili nilisogea hatua chache, jicho moja kwenye karatasi na jingine kwenye njia ya kukimbilia. Nilipomwonyesha yeyo mchoro wa tatu, aliugeuza juu chini, akaugeuza tena.

"Kitanda," akasema. "Kitanda chenye pembe."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimechora miguu minne na ubao juu yake. Mchoro wa nne ulikuwa bora kidogo, nikauweka chini ya jiwe ili ukauke jasho la mkono wangu, na nilipogeuka kuchonga penseli mwanambuzi akala pembe yake moja. Pembe ya karatasi, si ya fahali. Tulimkimbiza kuzunguka boma lote, mimi na yeyo na mabinti zake wawili, na tulipompata alikuwa bado anatafuna kwa utulivu, macho kwangu, kama mtu anayefikiria alama ya kunipa.

Siku ya tano yeyo alichoka na woga wangu. Alikuja akanishika kiganja, akanivuta hadi ubavuni mwa fahali, akakilaza kiganja changu kwenye bega la mnyama. Nilifumba macho, si nusu, yote.

"Hapa mfupa," akasema, akiusogeza mkono wangu. "Hapa nyama. Hapa hakuna kitu, ngozi tu. Hapa anapumua."

Ngozi ilikuwa ya moto, ikacheza chini ya vidole vyangu kufukuza nzi. Bega lilikuwa gumu kama kizingiti. Nyuma yake kulikuwa na bonde, na nilipoingiza vidole humo nikaelewa ghafla kwa nini kila asubuhi niliona pale doa la giza na sikujua ni la nini. Lilikuwa kivuli cha bega! Mfupa ulisimama mbele ya jua, bonde likakaa nyuma yake gizani. Kivuli cha nundu kilianguka mgongoni. Mikunjo ya ngozi ya shingoni ilikuwa mabonde madogo, moja baada ya jingine, kila moja na ukingo wake wa mwanga. Alikuwa yai, jamani. Alikuwa mayai mengi yaliyopangwa.

Nilirudi kwenye daftari mbiombio. Nikafumba macho nusu. Nikaacha karatasi nyeupe mgongoni, pale jua lilipogonga, nikashuka na penseli ngumu ubavuni, nikatia ya kawaida chini ya nundu, nikazamisha ile laini kwenye shingo, nikapangusa kwa pamba, nikazamisha tena. Na alikuja. Alitoka kwenye karatasi bega kwanza. Sikuweza kujizuia, niliruka na kupiga kelele, "Amekuja! Amekuja!"

Fahali alishtuka akakimbia kulia. Mimi nilishtuka alivyoshtuka nikakimbia kushoto. Penseli ziliruka kutoka kichwani, na yeyo alikaa chini kwenye vumbi akicheka, shanga zote zinalia. Tulitumia asubuhi iliyobaki kutafuta penseli laini kwenye nyasi, na aliyeiona ni yeye.

Baada ya siku ile sikuhitaji kusukumwa. Mchoro wa sita, wa saba, wa nane. Nilichora kichwa peke yake. Nilichora jicho peke yake, na weusi wake wenye nukta moja ya karatasi tupu, na bila ile nukta jicho lilikuwa tundu, na kwa ile nukta lilinitazama. Pembeni ya kila mchoro niliandika rangi nilizoziona: hapa moshi wenye manjano kidogo, hapa nyeupe ya maziwa, ndani ya sikio nyekundu hafifu. Nilipomaliza wa kumi nilidhani kazi imekwisha, lakini yeyo alipitisha kidole sikioni mwa fahali wa penseli, akatikisa kichwa.

"Sikio la kushoto lina alama yetu. Hapo hujaiweka. Watu watasema ni wa mwingine."

Nikachora wa kumi na moja kwa upande wa kushoto, na chale ya sikio ikaonekana.

Fundi alitandaza michoro yote kumi na mmoja kwenye sakafu ya kibaraza, akatembea katikati yake bila viatu.  Kisha akainua wa tatu. "Hapa unaogopa." Akainua wa sita. "Hapa huogopi. Kuna nini katikati?"

"Nilimshika."

Akaingia ndani akatoka na kopo la nyeusi, akaniwekea mikononi kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

Lakini nilipofungua kopo letu la nyeupe kule Sindeni, nikakuta limekauka hadi chini, gumu kama jibini. Bila nyeupe hakuna rangi ya moshi. Fundi hakuwa nayo. Maduka ya Korogwe hayakuwa nayo, ya Handeni hayakuwa nayo. Tukangoja. Mvua nazo zilichelewa, nyasi uwandani zikaisha, na alasiri moja yeyo alikuja darasani nje ya siku yake, akasimama mlangoni.

"Tunahama na ng'ombe," akasema. "Mbali. Mpaka mvua irudi."

Alikuwa amefika kwenye herufi ya N. Nilimpa kitabu chake aende nacho, akakifunga kwenye shuka lake. Asubuhi yake nilikwenda njiani kuwaona wakipita. Fahali alipita karibu nami kiasi cha kumgusa, nikamgusa bega.

Sasa mnyama hakuwepo. Zilikuwepo karatasi kumi na moja, na moja imeliwa pembe.

Nyeupe ilikuja baada ya wiki nyingi, na haikuja peke yake. Nilikuwa nafundisha hesabu, lori la mahindi likasimama barabarani, na akashuka fundi mwenyewe, suruali yake ileile, kopo la nyeupe kwapani na fungu la brashi mkononi. Alikuwa ameipata kwa rafiki yake wa reli, na akasema asingekubali rangi adimu namna ile ikutane na mtu kama mimi bila shahidi. Kitu cha kwanza nilichomwonyesha ni punda wangu. Ilibidi aegemee ukuta.

Tulifanya kazi siku mbili. Kwanza tuligawa mchoro mkuu, ule wa kumi na moja, miraba midogo kwa penseli ngumu, kisha tukanyoosha uzi uliopakwa mkaa ukutani na kuupiga, tap, tap, hadi ukuta wote ukawa na miraba mikubwa ya idadi ileile. Kilichokuwa kwenye mraba mdogo nilikipeleka kwenye mraba mkubwa. Michoro mingine tuliibandika kwa uji wa muhogo kando ya ukuta, nami nikawa naisoma. Kijivu cha bonde la bega? Kipo mchoro wa sita. Mkunjo wa shingo? Wa tisa. Nilichanganya rangi juu ya vifuniko vya makopo, nikalinganisha na vivuli vya penseli kwa macho ya nusu, na brashi haikurudi nyuma hata mara moja. Ugomvi wote ulikuwa umekwisha kwenye karatasi, na ukutani nilikuwa nasherehekea tu. Niliimba. Fundi alipiga mluzi.

Wanakisomo walikaa nyuma yetu na majembe yao, kila mtu akiwa na ushauri. Mwenyekiti alikuja siku ya pili, akatazama kwa muda.

"Ndugu Mwalimu, huyu ni mwembamba ubavuni. Kijiji chetu kionekane kina neema. Mwongezee."

Nilikuwa mdogo na yeye alikuwa mwenyekiti. Lakini nilibandua mchoro wa sita nikampa. "Ndivyo alivyokuwa asubuhi ile, Ndugu Mwenyekiti. Nikimwongezea, atakuwa ng'ombe mwingine."

Akautazama mchoro, akautazama ukuta, akautazama tena mchoro. "Kumbe hata mbavu tatu zinaonekana hivi hivi," akasema, akairudisha karatasi kwa mikono miwili. Akakaa chini na wengine.

Jioni ya siku ile niliweka nukta ya nyeupe kwenye jicho, nikarudi nyuma hatua kumi. Sitasahau. Alikuwa amesimama katikati ya ukuta, mzito, wa rangi ya moshi, anapumua karibu. Chini yake fundi aliandika NG'OMBE kwa herufi zake nzuri zenye miguu. Watu walipiga vigelegele, bibi yangu akacheza, nikacheza naye hadi tukamwaga mafuta ya taa ya kusafishia brashi. Miezi iliyofuata nilimchora jogoo kwa penseli mara tisa, mbuzi mara kumi, na punda mara kumi na mbili, nikampaka upya juu ya fisi. Bibi alikubali kwamba ni wake, ila akasema yule wa kwanza alikuwa na ucheshi zaidi.

Mvua zilirudi. Siku moja tukiwa katikati ya kisomo nilisikia shanga dirishani. Darasa zima lilitoka nje. Yeyo alikuwa amesimama njiani peke yake, amekonda, vumbi hadi magotini, macho kwenye ukuta. Hakunisalimu. Alisogea, akamsemesha fahali maneno machache ya kwao, ya chini, kama anavyosemeshwa ng'ombe anayekamuliwa. Akagusa sikio lenye chale. Kisha akashuka kwenye herufi, akaweka kidole.

"N," akasema. Kidole kikasogea. "G. Na kile kidogo cha juu. O. M. B. E." Midomo ikajaribu kuziunga. "Ng'ombe!"

Akageuka. "Ng'ombe! Mwalimu, imeandikwa ng'ombe!"

Nilimrukia. Tulikumbatiana, tukazunguka, wanakisomo wote wakipiga makofi, na mtu akapiga jembe kwa jiwe kama kengele.

Tulipotulia nikamuuliza fahali yuko wapi. Alisema amebaki huko, kwa baba mkwe wa binti yake mkubwa, yeye amepewa mitamba wawili wazuri badala yake, na huyo binti mwenyewe ameolewa huko na analia kutaka kurudi nyumbani. Nikaleta michoro yote kumi na mmoja, nikaitandaza kibarazani, nikamwambia achague mmoja ampelekee mwanawe. Alichukua muda mrefu. Akachagua wa tisa, ule wa shingo na kichwa, akaomba penseli.

Nilidhani anataka niandike mimi. Nikaishika tayari. Akaninyang'anya. Aliigeuza karatasi, akapiga magoti, na kwa ile penseli laini akaanza kuandika jina la binti yake, herufi moja, pumzi moja, herufi moja, pumzi moja, huku bibi yangu akimsahihisha kwa sauti kubwa na kukosea. Ilichukua nusu saa. Mkono wake wote ulikuwa mweusi na shavuni alikuwa na doa. Alipomaliza aliinua karatasi ile juu kwa mikono miwili, sisi sote tuone.